Kahawa ya Padre Niliyoitafuna

Padre,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nimeinua kalamu hapo nikasubiri. Mazoea mabaya. Miaka mitatu nilikuwa nafika barazani kwako, nazima pikipiki, natoa salamu hiyo, na kabla sijavua kofia ngumu sauti yako inatoka ndani, nzito, kama ya mtu anayevutwa kutoka kisimani: "Milele na milele, amina. Ingia, mpinzani." Sasa nasalimu, na mlango unanitazama tu.

Ni mimi, Nova. Novatus wa Bweranyange, dereva boda asiye na mfano pale stendi ya Kayanga, kidato cha pili na sikukimaliza, na mtu pekee kati ya Karagwe na Kyerwa aliyewahi kumnyamazisha mwalimu wa falsafa aliyefundisha mapadre mpaka nywele zikamwisha kichwani. Usinikunjie uso. Ulinyamaza. Sista Adventina ni shahidi, alikuwa mlangoni anachambua maharage.

Naandika nikiwa ofisini kwako, saa nane mchana, jua linachoma migomba huko nje. Nimekalia kigoda cha jikoni. Kiti chako kipo hapa kushoto kwangu, nimekigeuzia ukutani. Nitakueleza kwa nini. Univumilie. Ulikuwa na uvumilivu mwingi kwa wajinga, na sasa nadhani unao zaidi, maana huna pa kuwahi.

Samahani. Nikiogopa natania. Unanijua.

Kwanza habari. Sista bado anapika ndizi za watu wawili. Anapakua sahani yako, anaitazama, anaifunika, jioni anawamwagia kuku. Nikimcheka ananionyesha mwiko. Kahawa nyuma ya nyumba imeiva mpaka inadondoka. Na Mzee Saidi, yule muuza madaftari wa Kayanga, ametenga kaunta buku moja chini ya meza, mtu akiitaka anamwambia, "Hiyo ya Padre." Nikamwambia, "Mzee Saidi, Padre amefariki, na mazishini ulikuja." Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, nimesema nitamuuzia? Nimesema ni yake." Ungelipenda hilo. Ungelifanyia sura nzima kitabuni mwako.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulishuka stendi na masanduku mawili, umestaafu, umeambiwa uje kupumzika kwenye nyumba ya mapadre kijijini kwetu. Wenzangu walikimbilia abiria wa mizigo midogo. Mimi nikakuchukua wewe kwa sababu nina moyo mwema, na kwa sababu nilichelewa kufika. Sanduku moja lilikuwa zito kama mtu. "Padre, umebeba mawe?" Ukasema, "Nimebeba vitabu vya mtawa mmoja mnene aliyekufa zamani sana." Nikasema, "Kama amekufa zamani sana, anakusaidia nini?" Ukanigonga begani mara mbili. Nikasimama katikati ya mlima nikidhani kofia imepeperuka. Ukashuka, ukajipangusa vumbi taratibu, ukasema, "Rudia hilo swali polepole."

Padre, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nirudie swali. Shuleni niliambiwa nikae chini.

Ndivyo nilivyopata kazi ambayo hakuna kijana mwingine anayo Kagera nzima: kazi ya kukupinga. Kitabu chako kilihusu kuwapo, yaani kwa nini kitu chochote kipo badala ya kutokuwapo, na ulitaka kukiandika kwa Kiswahili ambacho hata mchuma kahawa angekielewa. Ulinieleza kwamba yule mtawa mnene hakuwahi kujibu swali kabla ya kuwapa nafasi wanaompinga. Wapinzani kwanza, jibu baadaye. "Sura isiyo na mpinzani ni hotuba tu," ulisema. "Wanafunzi wangu wa seminari walinipinga kwa unyenyekevu. Nahitaji mtu asiye na adabu." Nikakujibu, "Hapo umefika, Padre."

Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa, nikishawafikisha abiria wa asubuhi, nilikuja. Wewe unasoma swali. Mimi natupa jiwe. Halafu, hiki ndicho kilichonishangaza, wewe hujibu. Unalirudia pingamizi langu kwa maneno mazuri kuliko yangu. "Kwanza nikuvike nguo nzuri," ulikuwa unasema, "ndipo tupigane mweleka." Kuna siku ulilivika nguo nzuri mno mpaka nikaogopa utashindwa.

Siku ya ng'ombe ndiyo nilikuja kuelewa unachofanya. Ulisema, "Nova, mfikirie ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko mnara wa kanisa. Umemwona akilini?" Nikamwona, akipita Bweranyange, watu wanaanua nguo kwenye kamba. "Unajua ni kitu gani?" Najua. "Yupo?" Hayupo. "Basi kujua kitu ni nini ni jambo moja, na kitu kuwapo ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na la kwanza lote bila la pili." Nikasema, "Kama cheti changu cha kidato cha nne. Nakijua kabisa kilivyo, rangi yake, muhuri wake. Hakipo tu." Ulicheka mpaka ukakohoa, na Sista akaja na maji. Ukaandika mfano wangu kwenye kaunta. Upo sura ya pili. Vijana wote pale stendi wanajua nimo kitabuni.

Ukanieleza kwamba hakuna kati yetu ambaye kuwapo ni kwake mwenyewe. Bibi zetu walikuwa wanakwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, wanalibeba kwenye kigae, wanakimbia nalo kabla halijazimika. Kila kitu, ulisema, migomba, kilima, mimi, wewe, kinawaka kwa moto kilioupokea. Na lazima yuko Mmoja ambaye hakupokea popote, yeye mwenyewe ni moto. Siku ile nilishuka kwenda Kayanga nikiangalia kila jiwe kama linatoa moshi.

Halafu punje ya kahawa.

Hukuwahi kujibu pingamizi siku ileile. Ukurasa wa kushoto uliandika maneno yangu, wa kulia uliuacha mweupe, na juu ya huo mweupe uliweka punje moja ya kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa, kama tunavyomwekea mgeni. Nikakuuliza mgeni ni nani. "Jibu," ulisema. "Likifika nitatafuna nalo. Lisipofika, siwezi kula kahawa ya mgeni ambaye hajaja." Mara nyingine punje ilikaa siku mbili. Mara moja, kwenye swali la ubaya, ilikaa tangu palizi mpaka mavuno ya maharage. Nilikutania kwamba panya atakuwa mwanafalsafa kabla yako.

Sasa la mwisho.

Katika sura ya saba ulikuwa umewapinga watu wanaosema roho ni kitu kimoja na mwili ni kingine, vimekutana tu njiani. Ulisema, "Roho si dereva na mwili si pikipiki. Mtu ni hivyo viwili kuwa kimoja. Ukinikanyaga mguu hujakanyaga pikipiki ya Padre, umemkanyaga Padre." Nilifurahi, maana pikipiki ilikuwa yangu. Ijumaa iliyofuata ukasoma swali la mwisho la kitabu kizima: kama aliyekufa bado ni yeye.

Nilikuja nimejiandaa. Nilisema, "Padre, pikipiki ikifa njiani, dereva anarudi nyumbani kwa miguu. Hilo lingenipa raha. Lakini wewe umelikataa, umesema mtu si dereva. Basi mwili ukishazikwa, anayerudi nyumbani ni nani? Kipande? Mama yangu amelala pale kibanjani kwetu, chini ya migomba. Bibi anataka kila nikipita nimsalimie. Namsalimia nani? Kipande hakina masikio. Sisalimii kitu kisicho na masikio."

Nilitegemea ucheke. Ulinyamaza. Maharage ya Sista yaliacha kudondoka kwenye ungo. Halafu ukagonga meza kwa kidole mara tatu, kama ulivyofanya pingamizi likiwa la kweli, ukaandika kila neno, ukaweka punje kwenye ukurasa mweupe. Ukasema, "Hili halikutoka mdomoni, Nova. Nipe muda."

Nikatoka najisikia bingwa. Nikapita stendi nikitangaza kwamba nimemshinda Padre. Jumanne nilipokuja ulikuwa umeshapelekwa hospitali kwa kifua. Ijumaa kengele ililia.

Kwetu, Padre, hujawahi kunisikia nikikueleza jambo ambalo wewe Mnyambo mwenzangu ulilijua, lakini leo nalirudia ili nijihukumu vizuri. Kiti cha marehemu hakikaliwi ovyo. Ukoo unakaa, unateua mrithi, unamkalisha wenyewe mbele ya watu, na tangu hapo anaitwa kwa heshima ya aliyekufa. Na kahawa aliyowekewa mtu ni ya mtu huyo. Mtoto mdogo anajua. Wewe hukuwa na mtoto, hukuwa na mrithi, na mimi hakuna aliyeniteua.

Wiki moja baada ya mazishi akaja Padre Severini kutoka Bukoba, yule mwanafunzi wako wa zamani anayesimamia uchapaji. Akakusanya kaunta zote mezani. Akafika ya mwisho. Akauliza, "Hapa jibu liko wapi?" Sista akasema, "Nova ndiye aliyekuwa naye." Wote wawili wakanigeukia. Ningesema tu halipo. Lakini nikaona kitabu chako chote, miaka yako yote, kinaishia na maneno yangu, na watu wakisema mzee alikwama kwa dereva boda. Na nikaona vilevile, sitakuficha, jinsi nitakavyoonekana mtu mkubwa. Nikasema, "Lipo. Aliliandika kwenye karatasi nyingine. Nitaitafuta nikuletee."

Walipotoka kwenda kula, nikakalia kiti chako. Nikachukua kalamu yako. Punje ilikuwa bado pale kwenye ukurasa mweupe, imekauka, ina vumbi kidogo. Nikaitia mdomoni.

Nikaandika kwenye karatasi tupu kwa mwandiko wako, ambao naujua kuliko wangu, kwamba usiogope, aliyekufa ni yeye yuleyule, ameacha pikipiki njiani akarudi nyumbani kwa miguu. Kwamba anasimama nyuma ya jiko bila kuonekana. Kwamba akisikia mfuniko wa sufuria umeinuliwa kabla ya wakati anatabasamu, maana anajua ni mkono wa nani. Yalikuja yenyewe, haraka, matamu. Sikusimama hata mara moja. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka: wewe hukuwahi kuandika jambo bila kusimama.

Lilisomwa kanisani siku ya kumaliza matanga. Watu walilia, Padre. Kanisa zima. Bibi yangu alijifunika kitenge usoni. Nje watu walinishika mkono wakaniita Padre mdogo. Severini akasema hayo ndiyo yatakuwa maneno ya mwisho ya kitabu.

Na tangu siku hiyo unanipanda.

Sijui niliweke vipi. Si ndoto, si giza. Ni mchana kweupe. Nashusha abiria Rugera, nageuza kurudi peke yangu, na nikianza kupanda mlima shokapu za nyuma zinabonyea. Taratibu, kama anavyokaa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Injini inalia kama ina abiria. Naangalia kwenye kioo: barabara, vumbi, mbuzi wa watu. Uzito ninaujua, nimeubeba miaka mitatu. Husemi kitu. Hata kukohoa hukohoi. Unakaa tu mpaka hapa getini, halafu shokapu zinapanda.

Nilimpelekea fundi. Akapima, akasema, "Pikipiki nzima, labda dereva ndiye mbovu." Nikacheka naye. Nikarudi, shokapu zikabonyea.

Na humu ofisini, nikija kunakili kaunta zako ili Severini achapishe, meza inagongwa mara tatu. Ko, ko, ko. Mezani, chini ya karatasi ninayonakili. Mara ya kwanza nilisema ni mchwa. Mara ya pili nilitoka nje nikawaambia kuku wanyamaze. Mara ya tatu nilikuwa sura ya saba. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: roho si dereva na mwili si pikipiki. Ko, ko, ko. Kalamu ikanidondoka.

Mimi mjinga, Padre, lakini si mjinga kiasi hicho. Nilikuwa nimekujibia kwa uongo uleule uliotumia sura nzima kuuvunja. Nilimrudisha dereva wako nyumbani kwa miguu, mbele ya kanisa zima, kwa jina lako. Kitabu kitatoka, na mtu yeyote mwenye akili akifika mwisho atasema mzee huyu alikuwa hajui alichosema mwanzoni. Sikukuokoa na pingamizi langu. Nimekuzika mara ya pili, na safari hii nimekuvika nguo zangu.

Ningekwenda siku ileile kwa Severini. Sikwenda. Ni kwa sababu ya Bibi. Tangu siku ya matanga alikuwa amebadilika, anaimba akimenya ndizi. Nikamsikia anamwambia jirani, "Sasa nimejua." Nikajisemea, nikiliondoa jibu hili, namwondolea mama yangu nyuma ya jiko. Nani ana moyo huo? Nikaendelea kunakili, na wewe ukaendelea kunipanda, na Severini akaleta habari kwamba Jumamosi anakuja kuchukua nakala ya mwisho.

Alhamisi nilikwenda kwa Bibi. Alikuwa kibanjani anakata majani makavu ya mgomba. Nikasimama mbali na kaburi, kama kawaida yangu, nikamwambia yote kwa mara moja, kiti, punje, mwandiko, kila kitu. Nikamaliza na kusema, "Kwa hiyo, Bibi, uliyoyasikia si ya Padre. Ni uongo wangu. Nisamehe."

Aliendelea kukata. Kisha akasema kwa Kinyambo chake, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda kisimani: "Wewe unadhani mimi sikujua?"

Nikamwuliza alijuaje.

"Padre alijua mfuniko wa sufuria ya mama yako? Alikuwepo ulipokuwa unaiba viazi?" Akachomeka panga kwenye mgomba. "Nililia kwa sababu nilikusikia wewe. Tangu tumzike mwanangu hujamtaja hata siku moja. Unapita hapo na pikipiki yako pi-pi-pi kama unapita soko. Siku ile kanisani ndiyo ulimtaja. Nikasema sasa nimejua, mtoto huyu hajamsahau."

"Na yeye yuko wapi, Bibi?"

"Hilo mimi nitajuaje? Mimi namsalimia tu. Tangu lini mtu anasubiri kuelezwa mwenzake yuko vipi ndipo amsalimie? Nenda ukaseme kweli kwa mapadre wako. Na ulete majani hayo."

Nilileta majani. Halafu, usimwambie mtu, nilisogea nikasema, "Shikamoo, Mama." Sikusikia kitu. Nilisimama hapo muda wa kawaida ambao mtu husimama na mama yake, nikaondoka.

Leo Jumamosi asubuhi Severini alikuja. Nilimsubiri barazani, sikumpa hata nafasi ya kunywa chai. Nilimwambia jibu ni langu. Alikunja uso, akakunjua, akakaa kwenye benchi kama aliyepigwa. "Novatus, ungeniacha nichapishe?"

Mimi, mdomo wangu haujui kukaa kimya hata kwenye toba, nikamwambia, "Na wewe Padre msomi, hukuona kwamba linapingana na sura ya saba?"

Akasema, "Niliona. Nikadhani mzee alichoka mwishoni. Nikamsamehe."

Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba wewe umesamehewa kosa langu. Nililia pale barazani kama mtoto wa chekechea, na Sista akatoka na mwiko akidhani tumepigana.

Severini ni mtu mzuri, nakiri, ingawa viatu vyake vinang'aa kupita kiasi. Tulipotulia alisema njia rahisi ni kuliondoa swali lote, pingamizi na jibu, kitabu kiishie kwenye swali lililotangulia, vizuri, kimefungwa. Nikamwambia hapana. Nilisimama, Padre, ungeniona. Nikamwambia, "Padre alinifundisha pingamizi la kweli halifutwi hata jibu likichelewa. Ukilifuta tunamfanya mwoga. Liache. Na ukurasa wa kulia uuache mweupe."

"Watu watasema wewe umeshinda."

"Wakisema, mimi nawajua, nitawaambia mwenyewe pale stendi. Sikushinda. Mgeni hajafika, basi."

Akakubali. Ameenda na nakala hivyohivyo. Kushoto maneno yangu, yamevikwa nguo ulizoyavika wewe, na kulia hakuna kitu, isipokuwa mstari mmoja chini kabisa kwamba mwandishi alifariki akiwa anangoja jibu. Mstari huo ameuandika Severini. Neno "anangoja" ni langu, nililigombania.

Aliniachia kaunta yenyewe, ya mwandiko wako. Iko hapa mbele yangu, imefunguliwa palepale. Karatasi yangu ya uongo nimeichomoa humo nikaichoma jikoni, Sista akishuhudia. Nyuma ya nyumba nilichuma kahawa iliyoiva, na Sista ameichemsha na majani kama ulivyopenda, imekaa juani tangu juzi, maana nilikuwa nimeshaamua hata kabla sijajua kwamba nimeamua. Nimechagua punje moja nzuri. Nimeiweka kwenye ukurasa mweupe. Hii sitaigusa, hata ikikaa mpaka mimi mwenyewe niote mvi. Panya nitapambana nao.

Mchana nilimshusha Severini stendi, nikarudi peke yangu. Nilipofika mlimani nilijikaza, nikashika usukani vizuri, nikasubiri shokapu zibonyee. Hazikubonyea. Pikipiki ilipanda nyepesi kama imeibiwa mzigo. Katikati ya mlima, pale uliponigonga begani mara mbili siku ya kwanza, nilisimama bila kugongwa. Nikageuka. Siti tupu, vumbi limeikalia. Kumbe nilikuwa nimekuzoea. Niliogopa wiki zote zile, na leo nimekosa kitu cha kuogopa nikakaa kando ya barabara nisiweze kuendesha.

Sijui kama wewe bado ni wewe huko uliko. Nakwambia kweli, sijui. Pingamizi langu limesimama pale pale, sijaliondoa, na nikisema limeniishia ningekuwa nadanganya tena. Lakini naona kwamba nimejaza kurasa hizi zote nikikusemesha, na hakuna mahali hata pamoja ambapo mkono wangu ulitaka kuandika "kile kipande". Mkono umeandika "wewe". Sijui hiyo ni hoja au ni mazoea. Wewe ungejua namna ya kuivika nguo.

Basi kwaheri, Padre. Kiti, nilichokigeuzia ukutani kwa aibu ya kukikalia, nitakigeuza kitazame dirisha kama ulivyokiacha, na atakayekikalia akalishwe na wenye haki. Jumanne na Ijumaa nitakuja kupangusa vumbi na kumbishia Sista. Mama nitamsalimia kila nikipita, kwa kuzima pikipiki. Na ahadi yangu kubwa ni hii moja: sitakujibia tena.

Kwa hiyo ile salamu niliyoitoa pale juu, ambayo siku hizi nimekuwa nikiiitikia mwenyewe kwa sauti yako, na ninakuigiza vizuri kuliko mtu yeyote wilaya hii, leo siiitikii. Naiacha hapo na punje.

Mimi mpinzani wako,
Nova